Usimwambie "Nakuja"

Mwanangu Hawa,

Nakuandikia jua likiwa bado juu. Wewe umekwenda Korogwe kumuaga shangazi yako, na Salma hajarudi kutoka shule. Nimechukua kalamu yako nyekundu ya kusahihishia kwa sababu ya bluu sijaiona, kwa hiyo ukikuta barua nzima nyekundu usidhani nimekusahihisha. Kidogo nitakusahihisha, ila mwenyewe nitajisahihisha zaidi.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Lakini unanijua mama yako. Nikianza kusema neno zito, njiani nakutana na blanketi, nakutana na chandarua, nakutana na dawa ya tumbo, tunaishia hapo hapo. Siku ile unakwenda chuo cha ualimu, tumesimama stendi na sanduku lako, nilikuwa na maneno yamenijaa kifua. Nilipofungua mdomo ikatoka habari ya sabuni. Kwamba ya kufulia usiiogee, inakausha ngozi. Gari likawashwa, mimi bado niko kwenye sabuni. Likaondoka. Nikarudi Chanika kwa miguu na maneno yangu yote, sikutoa hata moja. Basi leo sikwambii lolote la nyumbani. Umekuwa mtu mzima, una mtoto, unajua kuoga.

Neno langu ni moja. Jana tulikubaliana kwamba Salma asiambiwe. Kwamba alfajiri utatoka kwa mlango wa uani yeye akiwa amelala, na akiamka mimi nitamwambia mama amekwenda sokoni. Na kama bahati mbaya ataamka akukute umeshika begi, utamwambia, "Lala mama, nakuja." Wazo lile lilikuwa langu. Wewe ulikuwa unakunja magauni yake, ukayakunja na kuyakunjua, ukauliza tu, "Mama, ndiyo vizuri hivyo?" Nikakujibu ndiyo, watoto wote wanatorokwa, ndivyo wanavyozoea. Ukarudi kukunja. Nilidhani umeridhika.

Leo nakwambia siyo vizuri. Nakuomba umwambie.

Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaofanya hivi tunavyofanya sisi, mtu miguu inaondoka na mdomo unasema nakuja. Unakwenda dukani, nakuja. Unakwenda chooni, nakuja. Mgeni umemwacha kwenye kiti hata maji hajapewa, nakuja. Mtu mzima akisikia hivyo anajua huyu anakwenda, na anajua kupima mwenyewe anakwenda kwa muda gani. Mtoto hapimi. Mtoto anasikia neno lenyewe lilivyo. Umesema unakuja, basi anakaa anatazama mlango.

Nilivyofika kwenye neno hili ni kwa sababu ya kunde zako, kwa hiyo niache nianze huko.

Ulikuwa unajitolea kufundisha darasa la pili, na ukapewa somo la kuwafundisha watoto kuandika maelekezo. Uliniambia ni somo gumu kuliko hesabu, kwa sababu mtoto anajua kufanya kitu lakini hajui kwamba mwenzake hajui. Ukaona uwapandishe mbegu kwanza, halafu waandike walivyofanya, hatua kwa hatua. Shuleni maji yalikuwa hayatoki wiki ile, ukawaleta hapa uani Jumamosi, wakaja na makopo yao, ya rangi, ya maziwa, na chupa za maji zilizokatwa shingo. Ukaniweka kwenye kigoda katikati yao. Mbele yangu sahani ya kunde, udongo kwenye beseni, jagi la maji.

Ukawaambia, "Bibi huyu hajawahi kuona mbegu. Atafanya mlichoandika, hataongeza kitu." Wakacheka, maana hakuna hata mmoja ambaye hajapita shambani kwangu akachuma kunde bila kuomba. Ukaniinamia sikioni, "Mama, jifanye hujui kitu." Nikakwambia kazi hiyo mbona nyepesi, darasa la tatu nililoishia lilinifundisha hiyo tu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa fundi cherehani. Ukaisoma: "Panda kopo." Nikasimama. Nikaliweka lile kopo la bati chini, nikashika bega lako, nikainua mguu nikalipanda. Unakumbuka walivyoanguka kwa kicheko. Na yule mtoto akasimama amekasirika kabisa, akasema, "Mwalimu, mimi nimesema kupanda, sikusema kupanda." Wewe mwenyewe ulishindwa kujizuia, ukageuka ukutani.

Ikaja ya binti mmoja, yeye ametia mbegu, ametia maji, udongo kausahau. Nikatia mbegu kwenye bati tupu nikazimwagia, zikalia kama mvua ya mawe. Ikaja nyingine, imeandikwa vizuri hadi mwisho, mwisho inasema mwagia maji. Nikamwaga. Nikaendelea kumwaga. Udongo ukafurika, kunde zikaelea, wananipigia kelele, bibi basi, bibi basi, na wewe umekunja mikono unawauliza, "Basi imeandikwa wapi?"

Nilikuwa nafurahi kama mtoto, Hawa. Sikuwahi kukaa darasani nikacheka.

Walipotulia ukawaambia maneno ambayo yamenikaa hadi leo. Ukasema bibi akiwa mbele yako anaweza kukuuliza na wewe ukamjibu, hakuna shida. Lakini mtu haandiki maelekezo kwa siku hiyo. Anaandika kwa siku ambayo yeye hayupo. Amekwenda mbali, na huyu aliyebaki ana kopo, ana mbegu, na ana yale maneno aliyoachiwa. Hana wa kumuuliza. Mtoto mmoja wa mbele akakuuliza, "Amekwenda wapi?" Ukasema popote, Tanga. Akauliza, "Anarudi lini?" Ukamwambia, "Unaona? Na hilo nalo lingeandikwa."

Wote tulicheka. Siku hiyo ajira yako ilikuwa haijatoka. Katavi unakokwenda kesho ilikuwa jina la kwenye redio tu.

Salma yeye ni wa darasa la kwanza, hakuwa wa somo lile, lakini alidai karatasi kama wenzake. Akaandika kwa herufi zake zile kubwa zinazopanda mlima. Chukua kopo. Tia udongo. Toboa kwa kidole. Weka kunde. Fukia. Mwagia maji kidogo basi. Hapo kwenye "kidogo basi" nilimpenda zaidi, alikuwa amejifunza kwa makosa ya wenzake. Halafu akamaliza na neno moja peke yake chini. Ngoja.

Ukamuuliza, "Ngoja nini?"

"Ngoja tu."

Ukachuchumaa mbele yake, nakuona hivi. Ukamwambia, "Ngoja tu siyo hatua, mama. Mtu akiambiwa ngoja tu, leo ataona udongo, kesho udongo, mwisho atasema mbegu imekufa, atamwaga. Mwandikie anangoja nini. Mwambie ataona nini kwanza."

Akaenda kukaa kwenye kizingiti, akalamba penseli, akakaa sana. Alivyoleta ulinisomea kwa sauti halafu ukanipa nisome mwenyewe. "Ngoja udongo upasuke. Kitatoka kichwa kimeinama. Usikivute." Wewe ukanitazama, nami nikakutazama. Kunde ndivyo zinavyotoka, kweli, zinatoka zimeinama kama mtu anayetoka kwenye mlango mfupi, na ukizivuta shingo inakatika. Nimelima maisha yangu yote, na ningekuwa nimeulizwa mimi nisingekumbuka kusema.

Sasa nakwambia usilolijua.

Makopo ya watoto yalibaki hapa kwetu, chini ya uchaga wa vyombo, mliyawekea kivuli. Mimi nilishindwa kungoja. Wewe unanijua nilivyo, mtu akichelewa kurudi nishamzika na kumsomea hitima. Kila asubuhi nikipeleka vyombo nilikuwa naingiza kidole kwenye kopo la Salma, nafukua kidogo, naangalia kama imeanza, narudishia. Siyo ya wenzake, ya Salma tu, kwa kuwa ndiyo niliyotaka itoke. Siku moja nikaikuta imeshatoa kimzizi cheupe, nikafurahi, na kwenye kurudishia nikakivunja. Nikakikuta kwenye kucha yangu, kile kimzizi chembamba.

Nikatia kunde nyingine. Sikumwambia mtu.

Za wenzake zikapasua udongo, zikatoa majani, watoto wanakuja kuzitazama. Ya Salma hakuna. Alikuwa anainama kwenye kopo lake hadi pua inagusa. Nami nikimwona namwambia, "Ngoja mjukuu wangu, inakuja." Jioni moja nikamkuta kizingitini na karatasi yake, anafuta. Alikuwa anafuta kwa mate na kidole, karatasi imetoboka. Nikamuuliza unafuta nini. Akasema, "Nimeandika vibaya, Bibi. Ya kwangu haitoki." Alikuwa amefuta "toboa kwa kidole". Amefuta "kidogo basi". Yote aliyoyapatia, anayafuta.

Nami nikasimama pale na kucha yangu, nikamwambia twende tukale.

Kunde yangu ya pili ilitoka baadaye, yeye hakuijali tena. Wewe uliniuliza kwa nini mtoto hataki kuandika siku hizi, nikakujibu labda minyoo.

Hawa, nilikuwa sijui kitu gani kinanichoma mle ndani. Nilidhani ni aibu ya kuvunja mbegu. Mpaka jana usiku baada ya kuzungumza nawe, nimelala, usingizi hauji, ndipo nikamwona mama yangu.

Unajua nimelelewa Kerenge kwa bibi yangu. Niliyokusimulia ni hayo. Siku niliyoachwa sijakusimulia. Nilikuwa mdogo kama Salma, labda nimempita kidogo. Mama alinikalisha nje kwenye mawe ya jiko, akanipa muhogo wa kuchoma, akaniambia, "Kaa hapo ule, nakuja." Amejifunga kanga ambayo huwa hajifungi siku za kawaida. Nilikula polepole kwa makusudi, nikamwekea kipande. Jua likazama, nimeshika kipande. Bibi akaniambia ingia ndani, mama yako anakuja. Nikakiweka kile kipande kwenye ungo juu. Kesho yake anakuja. Keshokutwa anakuja. Muhogo ukakauka, bibi akawatupia kuku, na mimi nikalia kilio ambacho kila mtu aliona ni ulafi. Wakaniletea muhogo mwingine.

Hakuna aliyeniambia kwamba amekwenda Dindira kuchuma chai. Walijua wote. Waliona wananihurumia. Na ukiwa Kerenge milima ya kule unaiona kila siku Mungu anayoleta, iko pale imejaa ukungu asubuhi, jioni inageuka bluu. Mimi nacheza chini, namtazama mama yangu bila kujua namtazama.

Basi nikatafuta sababu mwenyewe, kwa kuwa mtoto hawezi kukaa bila sababu. Nikaipata. Kabla hajaondoka nilikuwa nimeachiwa kulinda mahindi ya mbegu yaliyoanikwa, nikaenda kucheza, kuku wakala. Mama alinigombeza kidogo tu, hata hakunipiga. Lakini nikasema ni hilo. Kuanzia hapo mbegu zikianikwa nilikuwa nakaa nazo asubuhi hadi jioni, sitoki hata kwenda haja, fimbo mkononi. Bibi akawa ananisifu kwa majirani, mtoto huyu ana adabu, hana mfano. Haikuwa adabu, mwanangu. Nilikuwa nalipa.

Alivyorudi, siku nyingi zilishapita, nilikuwa nimerefuka. Alikuja na sukari na gauni lenye mifuko. Nikamwambia, "Shikamoo," nikasimama nyuma ya mwimo wa mlango. Nikamletea maji kwenye kikombe kizuri, kile cha wageni. Alikishika kile kikombe, hakunywa, akalia. Mimi nikadhani maji yana mchanga.

Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa, nimeshakuzaa wewe, nikamuuliza kwa nini hakuniaga. Hakukasirika. Akasema, "Bibi yako aliniambia nikikuaga sitaondoka." Akaendelea kuchambua mboga yake ya mchunga. Na bibi naye sijui aliambiwa na nani.

Jana nimekwambia wewe maneno hayo hayo. Kwa sauti hiyo hiyo, nadhani. Nimeyatoa yamenyooka kama kitu nilichofundishwa shule.

Simlaumu mama yangu. Alikwenda tule. Na wewe unakwenda tule, na unakwenda kwa sababu umeingoja ajira hii hadi ukaanza kuuza vitumbua, na hakuna mtu wa kukwambia usiende. Salma huwezi kumchukua sasa. Hujui utalala wapi, hujui shule iko umbali gani na nyumba, na baba yake tangu muachane hata sikukuu haji. Atabaki na mimi, na nitamlea. Yote hayo ni kweli. Kinachoniuma siyo kwenda kwako. Naongopa. Kwenda kwako kunaniuma, kunaniuma hapa chini ya ziwa la kushoto, tangu ile siku ulipoingia unakimbia na simu mkononi kunionyesha jina lako, nami nikapiga vigelegele. Nilikuwa nataka upate na nilikuwa nataka usipate, kwa wakati mmoja. Sasa nimekwambia.

Na ule ushauri wa kumtoroka nilisema ni kwa ajili ya Salma. Halafu nikasema ni kwa ajili yako, usishindwe kupanda basi. Nilipochimba zaidi nikaona ni kwa ajili yangu. Sikutaka kusikia kilio chake alfajiri nikiwa na changu. Nilitaka alale, wewe uende, mimi nilie jikoni na moshi, iwe moshi. Nilijitafutia nafuu kwa mgongo wa mtoto.

Hapa niliacha kuandika. Salma alirudi.

Sasa naendelea, jua limeshuka nyuma ya nyumba. Nimeingia chumbani baada yake nikamkuta amesimama mbele ya begi lako. Amelifungua zipu, amelifunga. Hakushika kitu. Akaniuliza, "Bibi, mbona nguo za mama zote zimo na zangu hazimo?"

Nilikuwa na majibu ya kutosha. Nimeyatayarisha tangu jana. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza ile "mama anak..." nikaikata. Nikamwambia, mama yako ana jambo la kukwambia leo, atakwambia mwenyewe.

Akanitazama. Akasema, "Nimefanya nini?"

Hawa. Hakuuliza ni jambo gani. Hakuuliza ni zuri au baya. Amesimama na sare za shule, soksi moja imeshuka, ananiuliza amefanya nini.

Nikakaa chini pale pale sakafuni, nikamwambia hujafanya kitu. Nikamwambia na habari ya kunde. Kwamba aliandika sawasawa, hakukosea hata hatua moja, ila mimi nilikuwa nafukua, nikavunja mzizi, nikatia nyingine kisirisiri. Nilidhani atacheka. Watoto wengine wangecheka. Yeye akafikiri sana, akauliza, "Uliniona nafuta?" Nikasema nilikuona. "Na hukusema?" Nikasema sikusema. Akatoka. Amekataa chakula changu, bada ya unga wa muhogo na mchunga anavyopenda vile, amekataa. Nimemwita mara kadhaa, anaitikia "abee" bila kugeuka. Amenikasirikia, na nimemwacha anikasirikie, ni haki yake. Lakini nilivyochungulia dirishani nilimwona anatembea uani, na sikiliza, anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Anapiga mateke kibuyu. Mtoto aliyemkasirikia mtu mwingine amepona kuliko mtoto aliyejikasirikia mwenyewe. Hilo sikulijua hadi leo hii, na uzee wangu.

Kwa hiyo usiogope hasira yake. Atakukasirikia. Atasema maneno. Anaweza akasema hakupendi, wewe uliniambia hivyo kwa ajili ya viatu tu. Atalia, na pengine atashika begi. Mwache alishike. Kilio hakijawahi kuzuia basi, mama yangu angejua hivyo angeniaga. Mwambie unakwenda wapi, umwambie na jina, Katavi, ni mbali, unalala njiani. Mwambie unakwenda kuwafundisha watoto wengine na ndiyo kazi yako. Mwambie unamwacha kwa kuwa hujapata pa kumweka. Atakuuliza utarudi lini. Kama unajua, mwambie kwa kitu anachoweza kukiona mwenyewe, shule zikifungwa, au mahindi yakishabeba. Kama hujui, usimtungie. Sema hujui. Afadhali akae na "sijui" ya kweli, inamsaidia kulala kuliko neno tamu.

Na ukilia mbele yake usijifiche. Mimi nilikuficha machozi yangu yote tangu baba yako afariki, nikidhani nakulinda, na wewe ukakua ukidhani mama yako ni jiwe. Uliwahi kuniambia hivyo, tukiwa tunapeta mahindi. Nilikwenda kukoleza moto.

Nimemwogesha. Amekubali kuogeshwa ingawa hanisemeshi. Nimemvalisha lile gauni la njano, na sasa amekaa kwenye mkeka ndani, amekunja miguu, anakungoja, na anajua anakungoja wewe na anajua una neno. Barua hii naiweka juu ya begi ili uisome kabla hujamwendea. Mlango wa katikati nimeurudishia tu.

Mimi nakwenda kwa Mama Shabani, ukuta kwa ukuta, nitakaa huko hadi baada ya Isha. Nikiwepo nitaingilia. Utaanza kusema tu, nami nitaleta uji, nitawaambia nyamazeni, nitaharibu. Huko kwa Mama Shabani nitalia yangu, yeye hana maswali mengi. Na alfajiri nitakuaga mwenyewe, nimejitayarisha, nitakushika mkono mpaka kondakta aseme.

Ukiingia, kaa naye kwenye mkeka. Usimwambie umesimama. Na mkimaliza usije wewe kuniita. Mtume yeye. Hata kama macho yamevimba, hata kama bado hanitaki, aje agonge mlango aseme, "Bibi, mama anakwenda Katavi."

Nataka nilisikie kwake.

Mama yako anayekupenda,
Chanika